Pikapu ya kuvuta kilo 3,500 haivuti hivyo kila wakati

Wengi wanaotafuta pikapu ya kuvuta trela, kwenda kuwinda na kupita njia mbovu huamini kuwa ikiandikwa inavuta kilo 3,500, itavuta hivyo hata ikijaa watu na mizigo. Si ajabu, maana matangazo hutaja namba hiyo peke yake.

Kumbe kuna pia kikomo cha uzito wa gari na trela kwa pamoja. Tuseme ni kilo 6,000: ukivuta 3,500, gari lenyewe lisizidi 2,500, ukihesabu dereva, abiria, mafuta, maji na mnyama uliyemwinda. Tena shingo ya trela hukandamiza nyuma ya gari, mara nyingi kwa takriban asilimia 10 ya uzito wa trela. Kilo hizo 350 nazo ni mzigo wa gari. Zikizidi, mbele hunyanyuka na usukani huwa mwepesi, jambo la hatari hasa kwenye mteremko wa changarawe.

Kabla ya kununua, soma kibati kilicho kwenye fremu ya mlango pamoja na kitabu cha gari, kisha ujumlishe mwenyewe. Ukishalipakia, lipitishe kwenye mizani ya magari.