Dini kwenye televisheni ya umma: upendeleo upimwe kwa saa na daftari

Taarifa ya habari ikifika kwenye mambo ya dini, tega sikio kwa maneno mawili: waumini na wafuasi. Kanisa lenye jengo la mawe na askofu anayejulikana husemwa lina waumini. Kanisa la Roho linalokusanyika chini ya mwembe kule Siaya, mara nyingi husemwa lina wafuasi. Muumini humwamini Mungu, mfuasi humfuata mtu. Aliyeandika taarifa huenda hakukusudia ubaya wowote, lakini tayari amemwonyesha mtazamaji nani mwenye dini na nani mwenye kiongozi tu. Upendeleo mwingi wa kidini hukaa katika maneno madogo ya namna hii. Matusi ya wazi kila mtu huyasikia na kuyalalamikia. Haya madogo hupita kila jioni bila mtu kushtuka.

Eneo letu, magharibi mwa Kenya hadi Nakuru, linadai uangalifu zaidi kuliko mengi. Waquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na Waadventista wakafungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Mwaka 1912 Johana Owalo alianzisha Nomiya, miongoni mwa makanisa ya kwanza ya Waafrika wenyewe nchini. African Israel Nineveh lilizaliwa Vihiga mwaka 1942, na Legio Maria likajitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960. Uislamu una mizizi ya zamani Mumias. Nakuru kuna Wakristo wa Akorino na vilemba vyao, Kisumu kuna Masingasinga na Wahindu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakristo kuwa takriban asilimia 85.5 ya Wakenya, Waislamu asilimia 10.9, na watu zaidi ya 750,000 waliosema hawana dini. Lakini neno "Wakristo" hapo limefunika mengi. Kituo kikijitetea kwamba Wakristo wamepewa nafasi, swali ni Wakristo gani, na siku gani. Muadventista wa Homa Bay huabudu Jumamosi. Ibada ya Jumapili asubuhi haijamhesabu.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 34(4) kinavibebesha vyombo vya habari vya serikali mambo matatu: viamue vyenyewe yaliyomo katika habari na vipindi vyao, visipendelee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti na ya wanaopinga. Sheria iliyoanzisha Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, inalitaka lihudumie kwa usawa maslahi na hisia za jamii mbalimbali za nchi. Kisha kuna kanuni za utangazaji za 2009, ambazo wengi hawazijui. Hizo zinataka suala lenye ubishi likijadiliwa, maoni mengine yatafutwe, ama ndani ya kipindi hicho hicho ama katika kingine, mradi suala lenyewe bado linazungumzwa. Ndiyo sababu kipindi kimoja kilichokukera si ushahidi tosha. Kituo kitajibu kwamba upande wa pili ulialikwa wiki iliyofuata, na kikiwa kinasema kweli, lalamiko lako limeanguka.

Televisheni ya binafsi, ikiwemo ya kanisa au ya Kiislamu, haibanwi na kifungu cha 34(4). Inaweza kuhubiri imani yake mchana na usiku. Inabanwa na masharti ya leseni na kanuni za vipindi, na hairuhusiwi kuchochea chuki. Usiandike lalamiko la upendeleo dhidi ya kituo ambacho kazi yake ni kuhubiri.

Basi mtu apime vipi? Chukua daftari, ufuatilie kwa siku 28 mfululizo. Wiki moja hudanganya, maana ikiangukia Pasaka au Ramadhani hesabu itaegemea upande mmoja kwa sababu ya kalenda. Chora safu za tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, aina ya kipindi, imani au dhehebu, aliyezungumza na dakika zake. Saa iandikwe kwa mtindo wa 24: andika 21:00 badala ya saa tatu. Malalamiko mengi huharibika hapa, kwa sababu "saa tatu" ya mlalamishi husomwa na karani kama 03:00 au 09:00, rekodi inatafutwa mahali pasipo, na jibu linakuja kwamba kipindi hicho hakikuonekana.

Aina ya kipindi ndiyo safu muhimu kuliko zote. Tenga habari, mjadala, ibada na muda uliolipiwa. Ukivichanganya, mahubiri ya saa nzima yaliyolipiwa yatameza dakika mbili za habari, wakati zile dakika mbili ndizo alizochagua mhariri, na ndizo zinazoonyesha msimamo wa kituo.

Kwenye mjadala usihesabu viti. Hesabu dakika, kwa saa ya kupimia iliyo kwenye simu. Tuseme mjadala wa sheria ya pombe ya kaunti umechukua dakika 48 bila matangazo ya biashara, na wageni ni mchungaji, sheikh na mtaalamu wa afya. Kwa macho, kila upande uko mezani. Saa inatoa mchungaji dakika 19, mtaalamu 8, sheikh 6, na mwendeshaji 15. Sasa rudi kwenye maswali. Mchungaji ameulizwa sheria iandikwe vipi. Sheikh ameulizwa kama dini yake inawalazimisha wengine. Wa kwanza amekaribishwa kama raia mwenye shauri, wa pili kama mshtakiwa wa kujitetea. Andika swali lenyewe, neno kwa neno, na utaje nani aliachiwa neno la mwisho. Tazama pia maandishi ya chini ya skrini, kama mmoja ameitwa "Askofu" na mwingine "anayejiita nabii", na picha zinazopita habari ikisomwa. Picha ya msikiti usiohusika ikiwekwa juu ya habari ya ugaidi ni kosa kubwa, hata kama kila neno lililosomwa ni la kweli.

Wahesabu wawe wawili. Kila mmoja apime peke yake siku ya kwanza, kisha walinganishe. Wakitofautiana kwa dakika nyingi, kwa kawaida ni kwamba mmoja alihesabu wimbo wa kwaya na mwingine hakuuhesabu. Wakubaliane, waanze upya. Vipande vinavyotumwa WhatsApp visiingie daftarini, kwa sababu hukatwa na mtu aliyekwisha kuamua unachopaswa kuona.

Asilimia za sensa zitumie kwa tahadhari. Katika dakika 600 za mambo ya dini, asilimia 10.9 ni kama dakika 65. Ukikuta Waislamu wamepata 5, una swali zito la kuuliza. Hata hivyo hakuna sheria inayogawa muda kwa hesabu ya vichwa, na dini ndogo ingebaki na sekunde tu.

Kuna kosa la upande wa pili linalofanywa kwa jina la usawa: kuweka ukweli uliopimwa na imani kwenye mizani moja. Kenya ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2019, na baadhi ya madaktari Wakatoliki wakaipinga chanjo hiyo. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kisumu, Thika na Nairobi, yakionyesha kwamba dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo katika miezi 18. Kiongozi wa dini ana haki kamili ya kusema kuhusu maadili, idhini ya mzazi na malezi. Kama chanjo inakinga au haikingi, hilo ni la vipimo. Mwendeshaji anayeachia yote mawili yaitwe "maoni" amempotosha mzazi anayeamua kuhusu mwanawe kesho asubuhi.

Muda uliolipiwa unauma kwa njia nyingine. Hata pasipokuwa na mhariri mwenye upendeleo, dini yenye fedha huonekana na isiyo nazo hupotea. Nchini Marekani, PBS, mtandao wa vituo vya televisheni ya umma, iliamua mwaka 2009 kwamba vituo vyake visianzishe vipindi vipya vya kidini vya dhehebu moja, ila vilivyokuwepo viendelee. Baada ya vifo vya watu zaidi ya 400 Shakahola mwaka 2023, wafuasi wa mhubiri waliofunga hadi kufa, wapo waliotamani hatua kali namna hiyo hapa kwetu. Kwa maoni yangu, kuiondoa dini hewani kungewaumiza kwanza walio wadogo. Afadhali kituo cha umma kitangaze waziwazi kimeuza dakika ngapi na kwa vigezo gani, na kiandike kwenye skrini muda wote kwamba kipindi kimelipiwa.

Daftari likishajaa, anza na kituo chenyewe, kwa maandishi, mapema, maana rekodi hazihifadhiwi milele. Taja tarehe, saa, kipindi, dakika, maneno yaliyotamkwa, na unachotaka: masahihisho, nafasi ya kujibu, au mgeni wa upande ulioachwa. Lalamiko lisilosema linataka nini hujibiwa kwa "tumepokea". Usiporidhika, mwenendo wa mwanahabari hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari, na ukiukaji wa kanuni za vipindi kwa Mamlaka ya Mawasiliano, iliyo na ofisi Kisumu na Eldoret.

Ukitaka takwimu za kituo chenyewe, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Raia yeyote anaweza kuomba, kwa Kiswahili au Kiingereza, na hadaiwi zaidi ya gharama ya kunakili. Shirika la umma lina siku 21 za kuamua, na linaweza kujiongezea hadi siku 14, mara moja tu. Likinyamaza, huhesabiwa limekataa, nawe una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, kuomba uamuzi upitiwe upya. Omba dakika za vipindi vya kidini kwa kila dhehebu na vigezo vya kuwachagua wahubiri katika barua moja. Bei ya muda iombe katika barua ya pili, kwa sababu bei inaweza kukataliwa kama siri ya biashara, na barua moja yenye yote mawili inaweza kukwama yote.