Ekzosi ya pikapu itokee wapi? Tunayoambiana gereji na ukweli wake

Juzi nimekata ekzosi, yaani bomba la moshi, ya pikapu yangu hapa Ngamiani, Tanga, nikaifanya upya yote kuanzia sailensa kwenda nyuma, na kabla sijaamua itokee wapi kila aliyepita pale gereji alikuwa na lake, mengine hata mimi nilikuwa nayaamini miaka yote, kumbe sivyo.

Naanza na hili maana ndilo lenye hatari. Watu wanasema moshi ukishatoka chini ya gari basi umeenda zake, upepo unaubeba. Hapana jamani. Gari likiwa mwendoni linaisukuma hewa pembeni, sasa pale nyuma ya kibini na nyuma ya mlango wa bodi presha inashuka, hewa inavutwa irudi kujaza, na kama bomba limeishia chini ya bodi na moshi unavutwa humo humo. Fundi wangu wa mwanzo alilikatia hapo kabla ya tairi la nyuma, akaniambia inatosha, nikakubali. Siku tunatoka Muheza na machungwa, vijana wawili wamekaa nyuma, turubai limefungwa pembe zote limeachwa wazi kwa nyuma tu, kufika Pongwe mmoja kashika kichwa mwenzie anatapika. Tukasema jua hilo. Nilipokuja kulifunua turubai nikapitisha kidole kwa ndani, kikatoka cheusi tii, masizi. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, wale ni watoto wa watu.

Halafu kuna wanaosema dizeli haina ile sumu, sumu iko kwenye petroli. Ukweli ni kwamba injini ya petroli ndiyo inayotoa kaboni monoksaidi nyingi zaidi, lakini ya dizeli nayo inatoa, na gesi hiyo haina rangi wala harufu, inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Na masizi ya dizeli si uchafu tu, mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo bomba litoke mpaka lipite ukingo wa bodi, ama kona ya nyuma ama ubavuni nyuma ya tairi, lisiishie uvunguni. Mimi nimelitoa kona ya nyuma kulia, maana sisi tunaendesha kushoto na waenda kwa miguu, bodaboda wanaosubiri abiria na akina mama wanaouza pembeni ya barabara wote wako kushoto, ukisimama pale unawapulizia usoni. Ila chungulia kwanza tenki la mafuta na paipu za breki kwenye gari lako ziko upande gani, joto la bomba si la mchezo.

"Likitokea ubavuni ni fupi, gari linaongeza nguvu." Kipande cha baada ya sailensa kikipungua mita moja hutaona kitu. Kinachokaba injini ni bomba jembamba na zile kona zilizobonyea, fundi akikunja bomba likaminyika tumboni ujue moshi unapita kwa shida, bora akate na kuunga kona nzuri. Wanaosema injini lazima iwe na presha ya kuirudishia moshi nao wamechanganya, inachotaka ni moshi utoke kwa kasi, ndiyo maana petroli isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, ukiiwekea bomba pana mno inalegea kwenye mzunguko wa chini, ila dizeli yenye turbo yenyewe inataka njia nyeupe tu.

Bomba la kwenda juu kama la lori, eti maji yasiingie: maji yanayoua injini ni yale yanayoingia kwa njia ya hewa, kule kwenye filta. Hilo la juu ukipaki gari masika bila kifuniko linaingiza maji ya mvua, na aliyekaa nyuma akilishika anaungua.

Kuna moja sijasikia mtu akilisema. Fundi huwa anapima gari likiwa juu ya jeki, difu, lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma, imening'inia, nafasi inaonekana kubwa. Pakia sasa, bodi inashuka, difu inalipiga bomba ngo ngo ngo kila shimo. Safari hii nilimwambia asichomelee moja kwa moja, ashikize tu kwanza, tukapakia mifuko 20 ya saruji, tani nzima, nikaingia uvunguni na tochi: pale juu ya difu vidole viwili havipiti. Akalikata akalipandisha, ndipo akachomelea.

Turubai siku hizi nalifungua na kwa mbele hewa ipite. Nilifunga kitambaa cheupe kwa ndani karibu na mlango wa bodi tukaenda mpaka Amani na kurudi, kimerudi na vumbi jekundu, masizi hamna.