Bustani si maua

Mwezi huu nimewasikia watu watatu wakisema "nimeweka bustani." Nilipokaribishwa nikakuta ukoka, pevingi na maua kwenye vyungu. Mmoja wao alikuwa amezunguka bustani za watu wiki nzima kutafuta mawazo. Alirudi na picha tele kwenye simu, zote za maua, akampa fundi na kumwambia amtengenezee kama hivyo.

Bustani ni eneo lililopangwa na kupandwa mimea ya kula, ya kutazama au ya kupumzikia chini yake. Maana ni hiyo tu. Kinachoniuma ni kwamba tumeligeuza neno likawa jina jingine la maua.

Neno lenyewe limetoka Uajemi, Iran ya leo, likatufikia kwa njia ya Kiarabu. *Bu* ni harufu, *stan* ni mahali, ileile tunayoisikia mwishoni mwa Pakistan na Afghanistan. Bustani, basi, ni mahali pa harufu. Aliyeliunda neno hili alianza na pua, jicho likafuata. Waarabu walilitumia zaidi kwa miti ya matunda, na huku pwani tulikuwa tayari na neno letu la kitu kama hicho: kiunga, shamba la miti ya matunda pembezoni mwa mji. Ndiyo maana hadi leo tunasema viunga vya mji, ingawa miembe ilishakatwa.

Hata neno Firdausi, jina la pepo, asili yake ni huko Uajemi: mahali palipozungushiwa ukuta. Ukuta, jamani, kabla ya ua lolote! Bustani ya Fin, mjini Kashan, ni moja kati ya bustani 9 za Iran zilizoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ina ukuta mrefu, mifereji ya maji ya chemchemi na misaipresi mikongwe iliyopangwa kwa safu. Ng'oa maua yote pale, bustani itabaki.

Bustani ya mimea, ile ya utafiti, nayo ni kitu kingine. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1893, na ile ya Amani kule Usambara, ya mwaka 1902, Wajerumani walizianzisha ili kujaribu mazao na miti. Ukienda huko utajua mche ulionunua ukiwa wa kimo cha goti utakuwa mkubwa kiasi gani baada ya miaka mia. Hilo ni somo kubwa kwa mwenye kiwanja kidogo, lakini usitegemee kupata ramani ya ua wa nyumba yako.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye picha, hujakosea kutembelea, na maua yako ni mazuri kweli. Sema tu "nimepanda maua." Ukirudi kwenye zile bustani za watu, nenda saa kumi na moja jioni, simu ikae mfukoni. Angalia kivuli kinaangukia wapi, maji ya mvua yanaelekea wapi, na kiti kimetazama nini. Kisha subiri giza liingie kidogo, asumini zifunguke, ujue upepo unaleta harufu kutoka upande gani. Hayo ndiyo ya kumwambia fundi.