Ile ramani ya Reagan haikuhesabu kura za wabunge

Wiki hii nimetumiwa tena ile ramani ya 1984: majimbo 49 ya Marekani aliyoshinda Ronald Reagan wa chama cha Republican yana rangi moja, Minnesota imebaki peke yake, na maneno yaleyale chini yake kwamba zamani Wamarekani walikuwa wa chama kimoja. Kazi yangu ni kuchambua matokeo ya uchaguzi na kupitia kanda za zamani za usiku wa matokeo, na kosa hili limenichosha. Ile ni ramani ya urais tu!

Usiku uleule chama cha Democratic kilipata viti 253 kati ya 435 vya Baraza la Wawakilishi. Tennessee ilimpa Reagan urais, useneta ikampa Al Gore wa Democratic. Massachusetts ikafanya vivyo hivyo kwa John Kerry, Iowa kwa Tom Harkin. Wilaya 190 za uchaguzi zilichagua rais wa chama hiki na mbunge wa chama kile. Mwaka 2020 zilikuwa 16.

Kwa Kitanzania, hawakupiga mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wote wa chama kimoja. Kwa Mkenya, walikataa suti.

Rangi nazo msizibebe kama kitambulisho. Leo Republican ni nyekundu na Democratic ni buluu, lakini televisheni ya NBC mwaka 1980 ilimpa Reagan buluu.

Jaribu kuingia kwenye kibanda cha mashine ya zamani ya kupigia kura. Unavuta mkono mkubwa, pazia linajifunga nyuma yako. Mbele yako kuna safu za vishikio vidogo, kila kimoja na jina lake. Katika baadhi ya majimbo, kishikio kimoja cha chama kilishusha safu nzima kwa mpigo. Anayetaka kuchanganya alirudisha kimoja juu, akashusha kingine kwenye safu ya wapinzani, ndipo akavuta mkono na pazia likafunguka. Mtu hafanyi hivyo kwa kupitiwa.

Lakini ile 190 hainipi raha. Ni hesabu ya wilaya, si ya watu. Na ukiwauliza watu wenyewe baadaye, baadhi hukumbuka walimpigia aliyeshinda hata kama hawakumpigia. Tena huko Kusini wabunge wengi wa Democratic walikuwa wahafidhina, na mpiga kura wao hakuona kama amevuka mto wowote. Wengine waliingia kibandani wakakuta jina moja tu kwenye ubunge. Huyo naye tukisema amechanganya vyama, tunamsingizia.