Seva iko hapa, ufunguo anao nani?

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na meneja aliyekuwa akitabasamu: "Usiwe na wasiwasi, data za wateja wetu ziko kwenye seva za humu humu nchini." Utadhani data ni mbuzi, ukishamfunga kamba uani umemaliza.

Nikamuuliza: mfumo ukikwama usiku, nani anaingia kuutengeneza? Mafundi wa mtoa huduma, akasema, wako nchi nyingine. Basi data zimeshavuka mpaka. Hakuna diski iliyopanda ndege, lakini fundi wa kampuni nyingine akizifungua akiwa ng'ambo, wadhibiti wa ulinzi wa data wa Umoja wa Ulaya wanauita huo uhamishaji wa data kwenda nje. Na hapa ndipo watu wanaponichosha, maana wakishaelewa hilo wanarukia upande wa pili na kuona uhamishaji kila mahali. Mfanyakazi wako mwenyewe akisafiri kikazi na kompyuta yake, akazisoma data hizo hotelini, kwa mwongozo wa wadhibiti haohao huo si uhamishaji: hajakabidhiwa mtu mwingine. Wajibu wa kuzilinda uko palepale, lakini usimjazishe fomu za uhamishaji.

Halafu kuna mwenye seva. Mwaka 2013 Microsoft ilipewa hati ya mahakama Marekani itoe barua pepe zilizohifadhiwa Dublin. Ikapinga hadi Mahakama ya Juu. Kabla ya hukumu, Bunge la Congress likapitisha sheria iitwayo CLOUD Act, Machi 2018: kampuni iliyo chini ya sheria za Marekani, ikiwa data ziko mikononi mwake, ikipewa hati itazitoa popote zilipo. Kesi ikafia hapo.

Mikataba ya kulinda data kati ya anayezitoa na anayezipokea inasaidia, lakini haifungi serikali isiyotia saini. Tangu hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iitwayo Schrems II, Julai 2020, anayezitoa data Ulaya kwa mikataba hiyo hutakiwa kupima sheria za nchi ziendako. Nimeandika tathmini nyingi za namna hiyo, na kusema kweli, sehemu inayohusu ujasusi huwa nakisia kwa lugha ya kisheria. Majasusi hawanijibu barua.

Kusimba data, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo? Vizuri, ikiwa ufunguo unao wewe. Ila mfumo wa mtoa huduma ukitaka kuzichakata, mara nyingi lazima uzifungue kwanza.

Meneja nimemwachia swali moja: ufunguo anao nani? Amesema atamuuliza mtoa huduma.