Kabla hamjaweka ngoma chini: wasanii wa hoteli Malindi na utaratibu wa kugoma

Kaskazi imeanza kuvuma, wageni wamerudi Malindi na Watamu, na malalamiko ya wasanii wa hoteli yamerudi pamoja nao kwenye ofisi za leba. Wachezaji wa gonda, ile ngoma ya Wamijikenda, wapiga kinanda, wanasarakasi, hata vijana wa animesheni wanaochezesha wageni kando ya bwawa, wote wanauliza swali moja: tugome lini?

Kundi moja lilinijia asubuhi, akina mama wamebeba hando, sketi zao za ngoma, na njuga vikapuni. Walinipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari: "Sisi wachezaji tumegoma kuanzia jana usiku." Haikutaja chama cha wafanyakazi wala dai lolote, na mahali pa sahihi palikuwa na alama moja ya kidole gumba. Malipo yao yalikuwa yamecheleweshwa kweli, sikuona sababu ya kuwatilia shaka. Lakini karatasi ile si ilani ya mgomo, na meneja alikuwa ameshaita kundi jingine. Iliniuma, kwa sababu walikuwa na haki na wakaikosa kwa utaratibu.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya kinampa mfanyakazi haki ya kugoma. Hicho kila mtu anakikariri. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, inayoeleza haki hiyo inavyotumika, haisomwi. Mgogoro lazima uhusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama. Chama kinauripoti kwa Waziri wa Leba, naye ana siku 21 za kuteua msuluhishi. Msuluhishi ana siku 30 za kuwapatanisha, na pande zote zikikubali muda huongezwa. Akishindwa anatoa cheti kwamba mgogoro haujatatuliwa. Baada ya hapo ndipo ilani ya maandishi ya siku 7 inapopelekwa kwa mwajiri na kwa Waziri, na anayeitoa ni mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama. Kiongozi wa kundi hana mamlaka hayo, na sauti ya WhatsApp si maandishi. Ukizijumlisha siku hizo utaona kwamba mgogoro ulioripotiwa Januari unaweza kuukuta msimu umekwisha. Ripoti nzuri huletwa wakati wa kusi, hoteli zikiwa tupu na mikataba ya msimu ujao ikizungumzwa.

Mkifuata hayo, mwajiri hawezi kumfuta mtu kwa kugoma, ingawa halazimiki kulipa siku ambazo hamkufanya kazi. Msipoyafuata, mnahesabiwa mmevunja mkataba: mnaweza kuadhibiwa, malipo ya siku hizo hamna, na mwajiri anaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Leba kuomba amri ya kuuzuia mgomo. Hata hivyo lazima awape nafasi ya kujitetea kabla ya kuwafuta. Aliyefutwa, mgogoro wake uripotiwe ndani ya siku 90. Na kugoma kwa kuwaunga mkono wenzenu wa hoteli jirani kumekatazwa, nawaomba tusibishane tena juu ya hilo.

Vijana hunijibu kwa mfano wa Hollywood. Haya, tuuangalie. Waandishi wa filamu Marekani waligoma kuanzia tarehe 2 Mei 2023 kwa siku 148, na waigizaji kuanzia tarehe 14 Julai kwa siku 118, wakidai malipo bora kutoka kwa filamu za mtandaoni na kinga dhidi ya akili unde (AI). Hawakuamka tu wakaondoka. Mkataba wa waandishi ulikwisha tarehe 1 Mei baada ya wiki kadhaa za mazungumzo, na katika kila chama karibu asilimia 98 ya waliopiga kura walikuwa wameidhinisha mgomo. Walikuwa na chama kinachotambuliwa na mkataba wenye tarehe ya kumalizika.

Huku kwetu, chama hutambuliwa kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mwajiri wanaoruhusiwa kujiunga. Hotelini walio wengi ni wapishi, wahudumu na wasafishaji, na chama chao kinachojulikana ni KUDHEIHA. Wachezaji wanane wanaojitenga nao hawafikii nusu hiyo kamwe.

Halafu kuna wasioajiriwa kabisa. Hoteli ikimlipa kiongozi wenu kwa kila onyesho, naye akagawa, huenda nyinyi ni wakandarasi, na deni lenu ni la Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Lakini kama hoteli ndiyo inayowapangia zamu, mazoezi na mavazi mwezi baada ya mwezi, msikubali kuitwa vibarua milele. Ajira ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe ya maandishi, na jukumu la kuyaandika ni la mwajiri. Asipoyatoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake.

Kwa hivyo ujumbe wa M-Pesa wa malipo msiufute. Pigeni picha ratiba ya zamu kabla haijabanduliwa ukutani, andikeni tarehe za kila onyesho, mje navyo ofisini kabla ya kuweka ngoma chini.