Mjumbe mpya wa kamati ya watu wenye ulemavu: ushauri wako ufike kabla bajeti haijafungwa

Mjumbe mpya wa kamati ya watu wenye ulemavu katika halmashauri hukutana na swali moja karibu kila anapopita: "Umetuletea nini?" Watu wana haki ya kuuliza. Wengi wamesubiri kwa miaka kiti mwendo, mkopo, au choo cha shule ambacho mtoto wao anaweza kukitumia bila kubebwa. Lakini kamati haigawi viti mwendo wala haitoi mikopo. Kazi yake ni kushauri, na ushauri una nguvu pale tu unapomfikia mwenye kuamua wakati bado hajaamua. Hapa ndipo wajumbe wengi wazuri, wenye uchungu wa kweli na wenzao, hujikuta wakisema jambo sahihi katika mwezi ambao hauwezi tena kubadili kitu.

Kiti chako kinatokana na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo iliunda Baraza la Taifa la Ushauri, pamoja na kamati kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa. Upo pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 4 inaitaka Serikali ishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, kupitia vyama vyao. Kwa hiyo usiingie kikaoni kama mgeni aliyekaribishwa kwa hisani.

Sasa kalenda, na hapa naomba utulie. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Wengi husikia habari za bajeti Bunge linapoanza kuijadili Aprili, na hapo ndipo huandika barua. Wamechelewa. Mahitaji huibuliwa kwanza kwenye mikutano ya vijiji na mitaa, yakapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, yakachambuliwa na wataalamu wa halmashauri, kisha rasimu ikapelekwa kwa madiwani miezi ya mwanzo ya mwaka. Msimu wako wa kazi nzito, kwa maoni yangu, ni kati ya Agosti na Desemba. Nenda kwa afisa mipango mapema, umuulize tarehe zake za mwaka huu, uziandike. Kisha hakikisha kila kata ina angalau mtu mmoja mwenye ulemavu, au mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, atakayekuwepo mkutano wa mtaa au kijiji utakapoitishwa. Hitaji lililotajwa huko chini na kuingia kwenye muhtasari lina mizizi, na ni vigumu kulikata kuliko lile linaloletwa mezani dakika za mwisho.

Ushauri wenyewe nao una namna yake. "Miundombinu si rafiki" ni malalamiko ya haki, lakini hakuna mhandisi anayeweza kuyaingiza kwenye makadirio ya ujenzi. Chukua zahanati ambayo sakafu yake iko sentimita 50 juu ya ardhi. Kwa kipimo kinachotumika sana, yaani 1 kwa 12 (kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu), mteremko wake wa kupandishia kiti mwendo unatakiwa uwe na urefu wa mita 6. Fundi akijenga wa mita 2, halmashauri itaripoti kwamba zahanati ina njia ya kiti mwendo, na mama aliye kwenye kiti hicho ataendelea kusukumwa na watu wawili au kurudi nyumbani. Andika hivyo: zahanati gani, kimo gani, urefu unaohitajika, nani anazuiwa sasa. Mwombe mhandisi akadirie gharama. Ukurasa mmoja unatosha, na umpelekee mkurugenzi kwa barua inayopokelewa kwa mhuri.

Kuhusu mikopo, jua hesabu yake. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Maswali yako ni haya: hiyo asilimia 2 ilikuwa shilingi ngapi, zimetoka ngapi, zimekwenda kata zipi na kwa watu wenye ulemavu wa aina gani? Usipendekeze majina ya wakopaji. Ukishaingiza jina la ndugu au rafiki, umejifunga mdomo. Hutaweza tena kuhoji. Sheria ya 2010 pia inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Halmashauri ni mwajiri. Uliza.

Pengine ulipendekezwa na CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, na uziwi ndio maisha yako. Au umetoka chama cha wasioona, au cha watu wenye ualbino. Chama chako kitakutegemea, na ni sawa. Hata hivyo, ukishakaa mezani umekalia pia kiti cha wale ambao hawakuchaguliwa na yeyote: kiziwi asiyeona, kijana mwenye ulemavu wa akili, mwanamke anayeishi na ugonjwa wa akili, mtoto anayefungiwa ndani wageni wakija. Sensa ya 2022 ilionesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Wengi wao hawana kadi ya chama chochote. Kabla ya kila kikao tembelea familia ambazo ulemavu wao si kama wako. Asiyeona atashtuka kujua kwamba mjamzito kiziwi hujifungua bila kuelewa neno moja la mkunga. Kiziwi naye huenda hajawahi kufikiri kwamba mafuta ya kukinga jua ya wenye ualbino yanapaswa kuwemo kwenye maombi ya dawa ya zahanati.

Katika ziara hizo utasikia mambo mazito. Ukikuta ukatili dhidi ya mtoto, usiuhifadhi kwa ajili ya kikao cha robo mwaka: mwone afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo, au piga 116.

Dai pia vifaa vyako vya kazi bila kuona haya: mkalimani wa lugha ya alama, nyaraka kwa nukta nundu (maandishi ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole) au kwa njia ya kielektroniki, ukumbi usio na ngazi, nauli ya msaidizi. Mjumbe aliyekabidhiwa kabrasha asiloweza kulisoma ameondolewa kikaoni akiwa amekaa kitini.

Mwisho, kipengele ambacho wajumbe hukiruka haraka ili wafike kwenye ajenda mpya: yatokanayo na kikao kilichopita. Kisimamie hapo. Kila ushauri mlioutoa utajwe kwa jina, afisa aliyepewa aseme umefikia wapi, na kama umekataliwa, sababu iandikwe. Ikiwa muhtasari unasema tu "kamati ilishauri ipasavyo", omba urekebishwe kabla haujathibitishwa, uonyeshe nani anatakiwa kufanya nini na kwa tarehe ipi.